Bahasha ya Kundi la Pili

Nilipohamishiwa Kibondo nilikuwa na miaka kumi na moja kazini, na nilikwisha kuzoea kwamba saratani ya mapafu haifiki hospitali za wilayani ikiwa na jina lake. Inafika ikiitwa kikohozi. Inapewa dawa za nimonia, inarudi, inapewa dawa za kifua kikuu, inarudi tena. Siku mgonjwa anapofika Mwanza kwenye mashine kubwa ya picha, ameshakonda kiasi kwamba daktari anazungumza na ndugu aliyemsindikiza badala ya kuzungumza naye.

Mimi kwetu ni Singida. Kiha, lugha ya wenyeji, nilijifunzia wodini, maneno ya maumivu kwanza, salamu baadaye. Neno moja lilinikaa kichwani kuliko mengine yote: impemu, yaani pumzi. Wagonjwa wa kifua walilisema wakiwa wameweka kiganja juu ya mfupa wa kifua, wengine hawakuweza kusema lingine baada ya hilo.

Mwaka wangu wa pili pale, utafiti ulikuja. Ulihusu watu waliokwisha kuthibitishwa kuwa na saratani ya mapafu iliyosambaa, ambao upasuaji haungewasaidia tena. Baadhi walikuwa wamepata dripu za dawa za saratani huko Mwanza na kuchoka nazo, wengine walikataa tangu mwanzo. Watafiti walitaka kujua jambo moja: je, tukimfuata mgonjwa nyumbani kila wiki, tukampelekea mofini ya maji, tukamfundisha kupumua na kulala vizuri, tukakaa na familia yake, atateseka kidogo kuliko yule anayekuja kliniki mara moja kwa mwezi kama ilivyo kawaida? Kundi la kwanza lingetembelewa. Kundi la pili lingekuja kliniki. Anayeingia wapi aliamuliwa na bahasha zilizofungwa na kupangwa kwa namba huko Dar es Salaam, ili mtu yeyote asiweze kumpendelea mtu yeyote. Kibondo nilikuwa nesi pekee wa utafiti huo. Kasulu walikuwapo manesi wengine. Mtafiti mkuu alikuwa daktari mmoja mtaratibu, mwenye sauti ya chini, aliyekuja kutukagua kila baada ya wiki chache.

Mama ninayetaka kusimulia habari zake aliletwa na binti yake Jumatatu moja asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaondoka kwenye paa za wodi. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana yaliyobaki mifupa. Maisha yake yote alikuwa mkulima wa tumbaku na maharage katika kijiji kimoja upande wa barabara ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nduta. Kila msimu, kwa miaka zaidi ya thelathini, yeye ndiye aliyekuwa akichochea moto wa bani, kile kibanda cha udongo wanamokaushia tumbaku, kwa sababu mumewe hakuwa na subira ya moto. Mume alikuwa amefariki. Kabla ya kufika kwangu, mama huyu alikuwa amemaliza dozi mbili za kifua kikuu, ingawa makohozi yake hayakuwahi kuonyesha mdudu.

Nilimsomea fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, binti akaipeleka kwenye Kiha sehemu zilizohitaji. Alisikiliza akiwa ameinama mbele, viwiko juu ya magoti, kama wanavyokaa wote wenye shida ya pumzi.

"Nani anachagua kundi?" aliniuliza.

"Hakuna anayechagua, mama. Bahasha ndiyo inasema."

"Na aliyeandika bahasha ananijua?"

"Hakujui."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeridhika na bei ya kitu. "Nimemeza vidonge vya watu wa kifua kikuu miezi na miezi. Mkojo ukawa mwekundu, macho yakauma. Havikuwa vidonge vyangu. Kama kitabu chenu kitamsaidia mwingine asipite huko, niandike."

Nilimweleza kwamba utafiti wetu hauhusu hilo hasa, unahusu matunzo baada ya ugonjwa kujulikana. Alisema matunzo nayo ni kitu, akaweka dole gumba. Nikafungua bahasha iliyofuata kwa namba. Ilikuwa ya kundi la pili.

Dodoso lilikuwa na swali la sigara: ngapi kwa siku, kwa miaka mingapi. Alinijibu kwamba hajawahi kuweka sigara mdomoni. Nikaandika sifuri. Hapakuwa na nafasi ya kuandika moshi wa bani, kwa hiyo nikauandika pembeni kwa kalamu, na baadaye nikaambiwa nisiandike pembeni.

Kliniki ya kwanza alikuja, ya pili akaja. Walipanda pikipiki mshikaki, dereva mbele, mama katikati, binti nyuma akiwa amemkumbatia asianguke. Mara ya pili ilimchukua muda mrefu sana kukaa kwenye benchi kabla hajaweza kunijibu shikamoo yangu. Nilimpima oksijeni kidoleni, nikamwandikia mofini na dawa ya kulainisha choo, nikamjazia dodoso. "Kutoka sifuri hadi kumi, mama, kukosa pumzi ni ngapi?" Aliinua vidole vyote vya mikono miwili, halafu akakunja kimoja. Nadhani alikunja kwa adabu.

Kila Alhamisi gari la utafiti lilinipeleka Nduta. Huko nilikuwa na mzee mmoja Mrundi, aliyekuwa amekimbia nchi yake mara mbili katika maisha yake, na ambaye bahasha ilimpa kundi la kwanza. Alikuwa akilala kwenye nyumba ya matofali mabichi yenye turubai juu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kongo, kimechanganyika na Kifaransa. Nilikaa naye saa nzima kila wiki. Wakati mwingine alisinzia muda wote, nami nikawa najaza fomu kando ya kitanda chake. Kwenda kwa mzee huyo tulipita kwenye njia panda ya kijiji cha yule mama. Kutoka barabarani niliweza kuona bati la nyumba yake juu ya migomba.

Jumatatu ya kliniki ya tatu hakuja. Alhamisi yake, binti alikuwa amesimama pale njia panda. Dereva akapunguza mwendo, akaniangalia, nikamwambia asimame.

"Dada," binti alisema, akiwa ameshika dirisha la gari kwa mikono miwili, "mama hawezi kupanda pikipiki tena. Tulijaribu. Tulifika kwenye kile kilima akaanza kuniponyoka mikononi. Tukarudi."

"Dawa imebaki?"

"Imekwisha tangu Jumapili. Shuka hapo tu, dada. Si mbali."

Nilijua si mbali. Nilimwambia ajitahidi kumtafutia usafiri wa gari aje Jumatatu inayofuata. Nilisema hivyo kwa sauti ya kazini, ile ninayotumia kwenye foleni. Alitoa mikono dirishani, tukaondoka.

Huko kambini mzee alikuwa macho siku hiyo. Nilipomaliza maswali yangu aliniambia, bila hasira yoyote, "Nyinyi muko munakuja kuangalia kama ninakufa muzuri." Nilimwekea mto vizuri mgongoni, nikampa dozi yake. Tuliporudi, binti hakuwapo njia panda, na dereva hakupunguza mwendo.

Jumatatu hawakuja. Jumatano nilichukua daftari la kliniki nikaandika namba ya mama yule kwenye mstari wa Jumatatu, kwamba amefika, amepimwa, amepewa dawa. Nilisaini. Nikachukua chupa ya mofini kwa jina lake. Jumamosi nilivaa nguo za nyumbani, nikakodi pikipiki, nikaenda.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, na jiko lilikuwa ndani kwa sababu ya mvua. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, ameegemea gunia la mihogo iliyokaushwa, kichwa kimeanguka mbele. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Kila pumzi ilimtoka na sauti ndogo, kama mlango usiofunga vizuri. Aliponitambua hakufurahi.

"Umefuata nini?"

"Nimekuletea dawa, mama."

Alichukua muda kukusanya pumzi. "Hii si bahasha yangu."

Binti alimwambia kitu kwa Kiha, haraka, kwa uchungu. Mama akainua mkono kumnyamazisha. "Niliweka dole," aliniambia. "Uliniambia mwenyewe. Wa kundi hili, kliniki."

"Leo sikuja kwa utafiti. Nimekuja kama mtu."

Sijui angeniambia nini, kwa sababu kikohozi kilimshika, na kilipomwachia hakuwa na nguvu ya kukataa kitu. Binti alimshika kichwa, mimi nikamwekea dawa mdomoni. Tukalitoa jiko nje, tukafungua dirisha la mbao ambalo lilikuwa limezibwa kwa gunia. Tukamkalisha kwenye kigoda, mikono juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuwekewa blanketi, ili mabega yapumzike. Nilikuwa na feni ndogo ya betri ya kushika mkononi, ya kundi la kwanza. Nikaiwasha karibu na pua na shavu lake, na baada ya muda nikaona shingo yake inalegea. Nilimfundisha kutoa pumzi taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepuliza uji wa moto. Nilimfundisha binti kupima dozi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na nikamwambia dalili za kuangalia: usingizi usioamshika, pumzi za kuhesabika.

Nilipoondoka mama alikuwa amelala amekaa. Binti alinisindikiza hadi barabarani. Hakusema ahsante, alinishika tu mkono njia nzima.

Nilikwenda Jumamosi tano mfululizo. Zilikuwa siku ambazo, nikizikumbuka, siwezi kuziita nzuri, lakini zilikuwa na vitu ndani yake. Jumamosi ya pili alikula ugali wa muhogo na samaki kidogo, wa kwanza kwa wiki nzima. Ya tatu alinieleza jinsi ya kusoma moto wa bani: majani yakianza kuwa manjano unapunguza kuni, ukikosea yanakuwa meusi na msimu umekwenda. Alisema miaka ile alikuwa akitoka bani asubuhi akitema mate meusi, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu wote walitema meusi. Ya nne miguu yake ilikuwa imevimba, na upande wa kulia wa kifua sikusikia hewa ikiingia. Maji yalikuwa yamejaa. Angekuwa hospitali yangevutwa.

Kliniki ya nne ilipita katikati ya Jumamosi hizo. Nikaandika tena kwamba amefika. Nikajaza na dodoso, kwa majibu aliyonipa mwenyewe nyumbani kwake. Kukosa pumzi: tano. Kwa kundi la pili, hiyo ilikuwa namba nzuri kuliko zote.

Jumamosi ya tano ndiyo aliniuliza. Nilikuwa nampaka mafuta mgongoni, mahali ambapo mifupa ilikuwa inachubua ngozi.

"Huko kwenye kitabu unaandikaje kuhusu mimi?"

Nikasema naandika hali yake.

"Unaandika kwamba unakuja hapa?"

Niliendelea kupaka mafuta. Binti alikuwa mlangoni akichambua maharage, akaacha.

"Unaandika nini basi?" mama aliuliza tena.

"Naandika kwamba umekuja kliniki."

Alijaribu kugeuka aniangalie, akashindwa, akabaki akiuangalia ukuta. "Kwa miguu yangu?"

"Haijaandikwa kwa nini. Imeandikwa umefika."

Alipuliza ile pumzi ya uji. Halafu akasema, kipande kwa kipande, "Mimi nililishwa vidonge kwa sababu mtu aliandika kitu ambacho hakukiona. Sasa na wewe. Na dole langu liko pale chini."

"Mama, nikisema ukweli wataniondoa. Hutapata mtu wa kuja."

"Sema," alisema.

Binti akainuka. "Mama, acha."

"Asemee huko. Sitaki kufa nikiwa uongo wa watu."

Nilirudi Kibondo nikiwa nimemkasirikia, nasema kweli. Nilihisi ananitupia mzigo ambao mgonjwa hapaswi kumtupia nesi wake. Siku mbili nilijiambia kwamba ni maneno ya mtu mwenye maumivu. Lakini Jumatano mtafiti mkuu alifika kwa ukaguzi, akaketi kwenye meza yangu na madaftari, akafika kwenye ukurasa ule, akasema kwa furaha ya kweli, "Huyu mama wa kundi la pili anaendelea vizuri. Namba zake zimeshuka sana. Unadhani ni nini?"

Nikamwambia.

Hakupaza sauti. Alivua miwani, akaniuliza tarehe moja moja, akaziandika. Aliniuliza kama nimefanya hivyo kwa mgonjwa mwingine, nikasema hapana. Aliniuliza kama nilimpa dozi iliyoandikwa na daktari, nikasema ndiyo, ileile. Kisha akakaa akiwa amekunja mikono.

"Unajua kwamba simtoi kwenye hesabu," alisema. "Aliyepangwa kundi la pili anahesabiwa kundi la pili, hata itokee nini. Ndivyo tulivyoandika tangu mwanzo. Kwa hiyo nafuu uliyompa wewe nyumbani itahesabiwa kama nafuu ya kliniki."

Nilikuwa sijalifikiria hilo. Nilidhani nimemwibia mtu fulani asiyeonekana, kumbe nilikuwa nimeisaidia kliniki ishinde.

"Ningekuwa mimi pale njia panda sijui ningefanya nini," aliendelea. "Lakini ungenipigia simu. Kamati ya maadili ingeweza kubadilisha utaratibu kwa wote. Sasa umebadilisha kwa mmoja, kwa siri."

Alilipeleka jambo kwenye kamati, kama alivyotakiwa. Nilisimamishwa kuonana na wagonjwa wa utafiti, nikahamishiwa Kasulu kupanga mafaili. Kitu kimoja alikifanya upesi, na nampa haki yake kwa hicho: ndani ya wiki hiyo kamati ilikubali kwamba ndugu anaweza kuja kumchukulia mgonjwa wa kundi la pili dawa, bila mgonjwa mwenyewe kufika. Kwa hiyo mofini haikukatika nyumbani kwa yule mama. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kwenda. Nesi aliyechukua nafasi yangu Kibondo alikuwa mtu makini, na alijua kilichonipata. Alhamisi gari lilipita njia panda kama kawaida.

Niliaga kwa simu. Binti aliiweka simu sikioni mwa mama yake. Nilisikia pumzi zake tu, nyingi na fupi. Nikamwambia nimesema. Pumzi ziliendelea, halafu nikasikia "Eee," nayo ingeweza kuwa jibu au maumivu.

Alifariki wiki ya tatu baada ya mimi kuondoka. Nilipata habari kupitia faili lake, kwenye meza niliyokuwa napanga mafaili, kabla mtu yeyote hajanipigia. Fomu ya kifo ina mistari michache. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaiweka mahali pake kwa namba, kisha nikaenda nyuma ya jengo la maabara nikakaa kwenye tofali.

Nilisubiri arobaini ipite ndipo nikaenda. Binti alinipokea uani, akanipa kiti, akabaki amesimama. Alinieleza bila mimi kuuliza. Siku mbili za mwisho mama yake alikuwa hawezi kukaa wala kulala. Maji ya kifua yalikuwa yamempanda. Alimpa dawa kama nilivyomfundisha, ikamsaidia saa, halafu nusu saa. Hakujua kama aongeze. Alinipigia, lakini simu yangu nilikuwa nimeiacha ofisini kwenye chaji, na nilipoona namba yake jioni nikadhani ni mambo ya dawa, nikaamua kupiga kesho yake, na kesho yake sikupiga. Asubuhi hiyo ya kesho, jua likiwa limekwisha kupanda, mama yake alimwomba amkalishe waegemeane migongo, mgongo wa mmoja kwenye mgongo wa mwingine, kwa sababu kifua kilikuwa hakitaki kuguswa. Walikaa hivyo. Binti aliuhisi mgongo wa mama yake ukipanda na kushuka dhidi ya wake, mpaka ulipoacha.

"Nilikuwa sioni uso wake," alisema. "Sijui alikuwaje usoni."

Nilimwambia pole. Niliona ni neno dogo mno, nikalisema tena.

"Ungedanganya tu, dada," alisema. "Yeye alikuwa mgonjwa, wewe ulikuwa mzima. Ungemwambia umesema, na usiseme. Ingekuwa nini?"

Nilijaribu kumweleza kwamba mama yake ndiye aliyetaka. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima. Kisha akaniambia maharage yanataka kuanikwa, na nikaelewa kwamba nimeagwa.

Utafiti uliisha mwaka uliofuata. Tulikusanywa Kasulu, kwenye ukumbi wa mikutano, kuonyeshwa matokeo kabla hayajapelekwa kokote. Mtafiti mkuu aliweka ukutani mchoro wenye mistari miwili, mmoja wa kundi la kwanza na mwingine wa kundi la pili. Ilikuwa imekaribiana mno. Alisema kwa sauti yake ile ya chini kwamba ziara za nyumbani hazikuonyesha tofauti iliyo wazi, kwamba huenda washiriki walikuwa wachache, na kwamba kwa matokeo kama haya itakuwa vigumu kuiomba serikali iweke ziara hizo kwenye mpango wa hospitali za wilaya.

Wakati wa chai nesi mmoja wa Kasulu alinifuata dirishani. Tulikuwa tumekaa ofisi moja zaidi ya mwaka. Alikoroga chai yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mimi nilikuwa na watatu," alisema.

Sikumwelewa.

"Wa kundi la pili. Mmoja jirani yangu kabisa, ukuta kwa ukuta. Nilikuwa naingia kila nikitoka kazini. Ningempitaje? Wewe ulipoondolewa nikanyamaza."

"Hao tu?"

Aligeuza macho kuelekea kwa wenzetu waliokuwa wamesimama na sahani za maandazi. "Waulize," alisema. "Lakini hawatakuambia."

Nilirudi kwenye kiti changu nikautazama ule mchoro uliokuwa bado unang'aa ukutani. Nilijua sasa kwa nini mistari ile imekaribiana. Siwezi kusema nilifikiri sana. Mchana ulipofika nilimfuata mtafiti mkuu kwenye gari lake, nikamwambia kwamba nina sababu ya kuamini kuna wagonjwa wengine wa kundi la pili waliotembelewa, kwamba sitataja mtu, na kwamba akiwauliza manesi wote kwa karatasi zisizo na majina, na akaahidi mbele yao kwamba hakuna atakayeadhibiwa, huenda akapata ukweli.

Aliegemea mlango wa gari. "Umesubiri mpaka leo kuniambia?"

"Nimejua leo."

Alifanya hivyo kesho yake asubuhi. Alisimama mbele yetu akatoa ahadi, akagawa vipande vya karatasi, akatoka nje ya ukumbi ili asione nani anaandika kirefu. Tulizitumbukiza kwenye sanduku tupu la glavu. Alizisoma karatasi peke yake kwenye chumba cha pembeni, na aliporudi hakuketi. Hakusema zilikuwa ngapi zenye "ndiyo". Alisema tu ni nyingi kuliko alizotegemea, na kwamba hawezi kutukasirikia wala kutushukuru.

"Swali letu limebaki bila jibu," alisema. "Nitaandika hivyo."

Na ndivyo alivyoandika. Taarifa ya mwisho inasema kwamba wagonjwa wengi wa kundi la pili walipata matunzo ya nyumbani nje ya utaratibu, kwa hiyo tofauti kati ya makundi haiwezi kupimwa kwa uhakika, na kwamba utafiti mwingine unahitajika. Huo mwingine haujapata wafadhili. Feni ndogo zilizobaki ziko kwenye kabati la stoo, betri zimevuja.

Ile ruhusa ya ndugu kuchukua dawa imebaki kliniki kwetu, hapa Kasulu nilikobaki. Ziara za nyumbani hazijawekwa kwenye mpango. Tunaokwenda tunakwenda siku zetu za mapumziko, kwa pikipiki, na mganga mfawidhi anajua.

Wiki iliyopita nilikuwa Munanila kwa mkulima mmoja wa kahawa, mwanamume wa makamo ambaye ugonjwa umemshika mapafu yote mawili. Mkewe alikuwa amemwegemeza dirishani. Nilimpima, nikasikiliza kifua, nikamfundisha mke vipimo vya dawa na nikamwandikia kwenye karatasi ni lini anaweza kuongeza na ni kiasi gani. Niliandika namba yangu ya simu na ya mwenzangu chini yake. Mume alitaka kujua amebakiza muda gani. Nilimwambia sidhani kama ataona mavuno ya mwaka huu. Aliitikia kwa kichwa, akamwomba mkewe amgeuzie kiti kidogo, upande wenye upepo.